Jembe la Odeta

Mpini ulikuwa na joto.

Hellen aliushika ili tu ausogeze, apate kufagia nyuma ya mlango. Ilikuwa mchana, mumewe Gidion yuko karakana tangu asubuhi, mtoto yuko shule, na ndani ya vyumba vile viwili hapakuwa na mtu mwingine. Lakini mpini wa jembe ulikuwa na joto, tena umelowa kidogo, kama wa mtu aliyekuwa akilima akauachia sasa hivi. Hellen alifuta kiganja kwenye kitenge, akaliegemeza jembe ukutani na kuendelea kufagia. Alikuwa na ndoo za kujaza kabla maji ya bomba hayajakatika. Habari za mpini zingesubiri.

Jembe lile halikuwa la kulima. Hawakuwa na shamba. Waliishi Ilemela, juu kwenye mawe, ambako hata mchicha unapandwa ndani ya beseni bovu. Gidion alikuwa fundi wa kuchomelea. Alifanya kazi kwenye daraja la Busisi mpaka likaisha, na lilipoisha akapata karakana ya mtaani na jioni nyingi za bure. Jioni hizo alizipeleka kwa Mwalimu Maige.

Maige alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwauliza wazee jinsi watu walivyopigana zamani, wezi wa ng'ombe wanapowakuta shambani, mkuki uko nyumbani na mkononi kuna jembe tu. Kutokana na majibu yao alitengeneza mazoezi. Kikundi chake kilikutana kwenye mwamba mpana juu ya mtaa, wanaume na wanawake, wakajifunza kupigana kwa jembe, kwa mundu na kwa fimbo ya kupuria mtama. Bapa la jembe walilizungushia mpira wa ndani wa tairi ili lisikate mtu. Kila pigo liliitwa kwa kazi yake. Kupalilia ni kumnasa adui kifundo cha mguu na kumvuta. Kutifua ni pigo linalotoka juu ya bega.

"Watu wazima mnacheza na majembe," Hellen alimwambia mumewe siku ya kwanza.

"Hatuchezi. Ni historia yetu."

"Hiyo historia ina mihogo? Maana mimi nahitaji mihogo."

Maige aliwaagiza watafute mipini iliyozeekea mikononi mwa watu. Mpini mpya unachubua, alisema, na haujui kugeuka. Gidion alilipata jembe lake Nansio, kisiwani Ukerewe, alikokwenda kumzika dada yake Pius, rafiki yake wa kazi ya daraja. Alirudi nalo begani, amefurahi kuliko mtu aliyetoka msibani anavyopaswa kufurahi.

Baada ya hapo vitu vya Hellen vilianza kuharibika. Vyake tu. Kitenge chake kilichanika kwenye kamba, katikati, mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa makusudi, na nguo za Gidion na za mtoto zikabaki nzima pembeni yake. Sahani yake ya bati ikakutwa imebonyea. Kigoda chake cha jikoni kikavunjika mguu bila mtu kukikalia. Halafu asubuhi moja alitandika kitanda, akakuta upande wake wa shuka umejaa udongo mweusi wenye majimaji, udongo wa shamba la bondeni, wakati Ilemela nzima haikuwa imepata mvua kwa wiki kadhaa.

Na kulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mgando, yale mazito yenye manukato ambayo wanawake hujipaka wakienda kanisani, na chini yake harufu ya ardhi iliyotoka kuchimbwa. Aliipata kwenye shati la Gidion.

"Nani anakupaka mafuta?" aliuliza huku akifua.

"Mafuta gani?"

"Haya. Yako mgongoni, mahali ambapo mkono wako haufiki."

Gidion alilinusa shati. "Sisikii kitu."

"Huwezi kusikia. Umeshazoea."

"Hellen, nitoke karakana, niende mazoezini, nirudi hapa. Huyo mwanamke nampata saa ngapi?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Hakulia wala hakuwaambia majirani. Alisuuza lile shati, akalianika, akaanza kufikiria ni nani. Kwenye kikundi alikuwamo Rebeka, muuza dagaa, mwanamke mcheshi mwenye mabega mapana. Hellen alimchukia kwa siku kadhaa mfululizo, huku akimenya vitunguu na huku akimsuka mtoto, mpaka akachoka na kuamua kwenda kuona kwa macho.

Ilikuwa Jumatano, siku isiyo ya kikundi. Gidion alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujinyoosha peke yake. Hellen alimwacha Roza, binti yao wa miaka sita, kwa jirani, akapanda kwa njia ya mbuzi katikati ya mawe. Jua lilikuwa bado kali, na ziwa chini limetulia. Kabla hajafika juu alisikia mti ukigonga mti: ko, ko, ko-ko. Watu wawili wanafanya mazoezi, alijua, kwa sababu sauti hiyo haitoki bila mipini miwili. Halafu akamsikia Gidion akicheka, kicheko cha chini, cha kijana, ambacho yeye Hellen alikuwa hajakisikia tangu kabla Roza hajazaliwa, na wivu ukampanda kifuani kwa nguvu hata akashika jiwe ili asiteleze.

Akachungulia.

Gidion alikuwa peke yake. Alirusha pigo la kutifua, na jembe lake likasimama hewani, likagonga, ko, likarudishwa, akayumba, akacheka, akainama kupalilia, akaruka kama mtu anayekwepa kupaliliwa, na kila mpini wake uliposhuka kulikuwa na kitu pale cha kuupokea, kitu kisicho na kivuli juu ya mwamba mweupe wenye jua, ila harufu ile ya mafuta na udongo ilikuwa nzito kuliko ilivyowahi kuwa nyumbani, ikitoka upande ule usio na mtu. Kisha kugongana kukakoma. Gidion akasimama akihema. Harufu ikageuka, kama mtu anavyogeuza kichwa, ikamjia Hellen usoni.

Alishuka mbio. Jambo la kwanza lililomjia, lililomwaibisha baadaye, halikuwa woga. Alijiuliza kwa nini yule anachekewa na yeye hachekewi.

Hakumwambia Gidion alichokiona, kwa sababu hakujua aanzie wapi. Lakini Jumamosi alikwenda mwambani tena, akakaa pembeni na Roza, kama mke aliyekuja kuangalia mazoezi tu. Maige aliwapanga wawiliwawili. Gidion akapangwa na Rebeka.

"Polepole, fundi," Rebeka alimtania. "Mimi si geti la mtu."

"Geti halina mdomo kama wako."

Watu wakacheka, na Gidion naye akacheka. Akainua jembe kwa kutifua, pigo lile linalosimama kiganja kimoja juu ya bega la mwenzako. Mikono yake ilisimama. Kila mtu aliiona ikisimama. Jembe halikusimama. Lilimvuta mikono likashuka, likamkuta Rebeka kwenye mkono aliokuwa ameuinua kujikinga, na mfupa ukalia.

Walimfunga mkono kwa kanga, wakampeleka hospitali kwa bajaji. Gidion alikuwa ameketi chini akitazama viganja vyake.

"Si mimi," alisema. "Mwalimu, nilizuia. Mmeniona nimezuia."

"Tumekuona," Maige alisema. Alikuwa amechuchumaa karibu na jembe bila kuligusa. "Hili ulilitoa wapi?"

"Nansio. Kwa akina Pius, kwenye mazishi ya dada yake. Majembe ya kuchimbia hayakutosha, wakatoa na la marehemu mwenyewe. Tulipomaliza kuyaosha nikaona mpini wake mzuri. Nikalichukua."

"Uliiba?"

"Siibi msibani mimi. Nilibadilisha. Langu nililokwenda nalo kuchimbia lilikuwa jipya kabisa. Nikampa mama yake mkononi, nikamwambia, mama, nachukua hili, nakuachia hili."

"Akasema nini?"

Gidion alifikiri. "Hakusema. Alijifunika uso kwa kitenge, akanipa mgongo, akaingia nalo ndani. Nikadhani ni majonzi."

Maige alishusha sauti, kama asiyetaka jembe limsikie.

"Huyo binti alikuwa ameolewa?"

"Odeta? Hapana. Pius alisema wachumba walikuja kwa wadogo zake tu. Yeye alibaki nyumbani, akalima, akalea watoto wa wenzake mpaka akafa."

"Kabla watu hawajawa na ng'ombe wa kutosha, walioa kwa majembe," Maige alisema. "Nimewafundisha hapahapa. Mwanamume anakwenda nyumbani kwa binti, anampa mama yake jembe jipya mkononi, mama anapokea. Kisha anaondoka na aliyemtaka. Gidion, wewe umekwenda Ukerewe, ukatoa mahari, mahari ikapokelewa."

"Kwa hiyo mimi nina mke mwenza," Hellen alisema.



Jumatatu walipanda meli ya asubuhi kwenda Nansio: Gidion, Hellen, na Maige kama msemaji wao. Roza walimwacha kwa jirani. Jembe walilifunga ndani ya gunia, na njia nzima hakuna abiria aliyekaa karibu na gunia lile, ingawa hakuna aliyeambiwa kitu. Hellen aliwaza jambo moja. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufanywa mgeni katika nyumba yake. Kitanda kile alikinunua yeye kwa kuuza maandazi. Mtoto yule alimzaa yeye, kwa upasuaji, na kovu bado linawasha mvua ikikaribia. Mtu aliyekufa hawezi kuja kukaa juu ya hayo yote kwa sababu ya mpini.

Mama Pius aliwapokea uani. Alimsalimia Maige, akamkumbatia Hellen, lakini kwa Gidion alijifunika uso na kukaa upande, kama mwanamke anavyomkwepa mkwe wake.

"Shikamoo mama," Gidion alisema.

Aliitikia akitazama ukuta. "Marahaba, baba. Mwenzako hajambo?"

"Mwenzangu huyu hapa."

"Huyo nimemwona. Huyo ni mke mkubwa." Akamgeukia Hellen, uso umechangamka. "Karibu, mke mkubwa. Mwanangu hakuwahi kupata mtu wa kumwita dada."

Maige alieleza kwa adabu yote. Alisema ni kosa, kijana hakujua, hakuna aliyekusudia. Mama Pius alisikiliza huku akichambua mchele.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "Odeta alibeba maji ya harusi za wadogo zake wote. Aliwapamba. Akawa anarudi jikoni kuwapikia wageni, hata mmoja hakuuliza jina lake. Siku ya kumzika ndiyo siku aliyoombwa. Wewe ungekataa?"

"Anaumiza watu, mama."

"Ana wivu. Mwanamke gani mwenye mume hana?" Alimtazama Hellen. "Wewe huna?"

Hellen aliokota chuya moja kwenye mchele, akaitupa uani.

"Jembe lenu jipya nitawarudishia," Mama Pius alisema. "Sitaki mtoto wa watu afe. Lakini mke hafukuzwi na mwanamume peke yake. Aliyekutwa ndani ya nyumba ndiye aseme. Nenda ukamwambie."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya matuta ya viazi. Jua lilikuwa la utosini. Maige na Gidion walisimama mbali. Hellen aliliweka jembe juu ya udongo, akasimama kwenye ukingo wa kaburi, Mama Pius akiwa nyuma yake.

"Odeta," alisema. "Mimi ni Hellen. Sikukukaribisha kwangu. Rudi kwenu."

Pale angenyamaza. Lakini harufu ya mafuta ilipanda kutoka ardhini, laini, ya mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya kuonekana, naye Hellen hakuwa amejipaka chochote tangu juzi, hakuwa amelala vizuri kwa wiki nzima, na mdomo ukaendelea wenyewe.

"Unanionea wivu wa nini hasa? Wewe umepata wa kucheka naye mwambani. Mimi nina yule wa asubuhi. Unajua naamka saa ngapi? Unajua nguo za karakana zinafuliwa mara ngapi na bado zinanuka chuma? Mtoto akitapika usiku, anatapika juu ya nani? Unayataka haya? Kama unayaona matamu, njoo uyafanye wewe, mimi nipumzike."

Upepo haukuvuma. Majani ya viazi yakatikisika tuta moja baada ya jingine, kuelekea upande wa ziwa, kisha yakatulia.

"Umemsikia mwenyewe," Mama Pius alisema polepole, na Hellen akadhani anaambiwa yeye.

Mama akaingia ndani, akatoka na jembe jipya la Gidion. Alilitoa bila ubishi, upesi, kama mtu asiyelihitaji tena.

Kwenye meli ya kurudi Maige alikaa karibu na Hellen. "Yale ya mwisho ungeyaacha," alisema.

"Zilikuwa hasira tu, Mwalimu."

"Aliye hai angejua kwamba ni hasira."

Nyumba ilitulia. Harufu iliisha kwenye mashati. Gidion aliacha mazoezi, akanenepa kidogo, akawa anawahi kurudi. Hellen alinunua kitenge kingine, kikakaa kambani siku nzima bila kuchanika. Akaanza kusahau.

Asubuhi moja aliamka, jua limeshaingia dirishani. Alikurupuka akijua amechelewesha kila mtu. Lakini ndoo zilikuwa zimejaa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kupangwa. Roza alikuwa ameshakwenda shule, na Gidion alikuwa mlangoni akimalizia chai.

"Asante," Hellen alimwambia.

"Ya nini?"

"Kwa kunisaidia."

Gidion alicheka. "Nimekusaidia nini? Nimeamshwa na ufagio wako."

Hellen alisimama katikati ya chumba. Angeweza kusema hapohapo. Angeweza kuvaa viatu, aende kwa Maige, apande meli siku hiyohiyo. Alizitazama ndoo, zimejaa mpaka ukingoni, na mgongo wake, ambao ulikuwa haujawahi kuamka bila kuuma kwa miaka, haukuuma. Atakwenda Jumamosi, alijiambia. Akarudi kitandani.

Jumamosi hakwenda. Wala iliyofuata. Chakula kilipikwa, kitamu kuliko chake. Mashati ya karakana yalitakata. Kila alipoamka kazi ilikuwa imekwisha, na alikuwa akiamka akiwa amechelewa zaidi, jua limepanda zaidi, mwili mwepesi zaidi, na alipokaa mezani Gidion alimwongelesha akitazama pembeni yake kidogo, kwenye kiti kilichokuwa wazi, akichekea kitu ambacho Hellen hakuwa amekisema. Na siku moja sahani zilipakuliwa mbili na ya tatu ikawekwa mbele ya kile kiti, ikafunikwa kawa, na yeye akakaa akisubiri kama watu wanavyosubiri nyumbani kwa wengine, akiona haya kuomba chakula. Na aliponyanyua mkono kumgusa mumewe begani, Gidion alijikuna pale pale, kama aliyetuliwa na nzi.

Ndipo alipoogopa. Alitoka mbio barabarani kumtafuta Maige, akampungia, akamwita kwa jina. Maige alipita akiwa amebeba mundu wake, akainamisha kichwa kwa adabu kama unavyofanya kwa mwanamke usiyemfahamu.

Akarudi nyumbani. Mlango wake ulikuwa umerudishwa. Alisimama nje, akajikuta anabisha hodi.

Roza alifungua. Alikuwa amesukwa upya, mistari iliyonyooka kama matuta, na kichwa kilinukia mafuta. Alimtazama Hellen kwa macho ya mtoto aliyefundishwa adabu.

"Roza," Hellen alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Njoo hapa."

Mtoto alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mama mkubwa," alisema. Kisha akageuka, akaita kuelekea jikoni, "Mama, kuna mgeni."

Jikoni mwiko uligongwa kwenye ukingo wa sufuria, mara moja.

"Mkaribishe akae," sauti ikajibu. "Mwambie nakuja, nina kazi nyingi."